Kivumishi *sacer* katika Kilatini: Maana, Asili na Sarufi Yake

Miongoni mwa sheria ambazo Warumi wa kale walizihesabu kuwa za wafalme wao wa mwanzo, iko moja iliyonasibishwa na Numa Pompilius. Imehifadhiwa katika muhtasari wa kamusi ya Festus, mwanasarufi wa karne ya 2 B.K., ambao Paulus Diaconus aliutengeneza katika karne ya 8. Sheria hiyo yasema kwamba mtu akilima hata kuling'oa jiwe la mpaka wa shamba, yeye mwenyewe na maksai wake watakuwa *sacer*. Kivumishi ni kimoja tu, nacho kimewekwa katika wingi ili kiwaenee mtu na wanyama pamoja. Upatanisho huo wa kisarufi ni jambo dogo, lakini wenye kuzitunga kamusi hawakuutilia maanani ipasavyo.

Kamusi nyingi za Kilatini humpa msomaji maana mbili za *sacer*: ya kwanza “takatifu, -a mungu”, na ya pili “-liolaaniwa, -ovu, -a kuchukiza”. Mwanafunzi huzikariri zote mbili, kisha huambiwa achague moja kwa kuyatazama maneno yaliyo jirani. Kwa mpango huo maksai wa Numa hawana mahali pa kusimama. Hawawezi kuwa watakatifu kwa kosa lile lile lililomfanya bwana wao awe mlaaniwa. Wala hawawezi kuitwa waovu, maana mnyama aliyefungwa nira huenda aendeshwako. Ama neno hili lina maana mbili zinazopingana, na sheria ikazitumia zote mbili kwa tamko moja, ama lina maana moja ambayo kamusi hazikuitaja. Sarufi ya neno lenyewe, pamoja na historia yake, yaelekea upande wa rai ya pili.

Kwanza umbo. *Sacer* ni cha lile kundi la vivumishi ambavyo hubadili miisho kwa jinsi tatu: *sacer* kwa jinsi ya kiume, *sacra* kwa ya kike, na *sacrum* kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Irabu *e* huonekana katika umbo la kwanza la kiume peke yake, na kwingineko kote haipo: *sacri*, *sacro*, *sacram*. Kwa hiyo kivumishi hiki hufuata mwendo wa *pulcher*, “-zuri”, wala si wa *miser*, “-a kuhurumiwa”, au *liber*, “huru”, ambavyo huishika *e* yao katika kila umbo: *misera*, *libera*. Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Katika *miser* na *liber* irabu hiyo ni ya tangu asili; katika *sacer* ni mgeni aliyeingia baadaye, na ushahidi wa kuingia kwake umechongwa katika jiwe.

Mwaka 1899 Giacomo Boni, msimamizi wa uchimbuaji wa mambo ya kale katika uwanja wa Forum mjini Roma, aliikuta chini ya sakafu ya mawe meusi nguzo fupi iliyoandikwa pande zake. Mahali hapo hujulikana kwa jina la Lapis Niger, yaani Jiwe Jeusi, jina lisilo na uhusiano wowote na Jiwe Jeusi la Al-Kaaba. Maandishi ya nguzo hukadiriwa kuwa ya karne ya 6 K.K. Mistari yake huenda na kurudi kama mkulima ageuzavyo jembe la maksai kila afikapo mwisho wa tuta. Sehemu ya juu imevunjika, hata sentensi nyingi hazisomeki, lakini maneno *sakros esed* ni dhahiri, na wataalamu wengi huyaelewa kuwa ni onyo: atakayepavunjia heshima mahali pale atakuwa *sacer*. Limo pia neno *recei*, “kwa mfalme”.

*Sakros* ndilo umbo la kale lenyewe. Baada ya muda *o* ya silabi ya mwisho ilidondoka, ikaacha *sakrs*. Nayo *r*, ikiwa imebanwa na konsonanti pande zote mbili, ikawa silabi pasipo irabu, kama ilivyo *m* ya *mtu* katika Kiswahili. Kisha *e* ikazuka mbele ya *r* ili kuitegemeza, *s* ya mwisho ikamezwa, na *sacer* akapatikana. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyopitwa na *ager*, “shamba”, ambalo ndugu yake wa Kigiriki, *agros*, hakubadilika. Katika *sacra* na *sacri* hapakuwa na irabu iliyodondoka, basi hapakuwa na haja ya *e*. Kwa mwanasarufi, neno hili ni mfano mzuri wa badiliko la sauti ambalo huacha alama yake katika kona moja tu ya orodha nzima ya maumbo.

Pembeni ya shina *sacro-* lilikuwapo shina jingine, *sacri-*. Varro, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1 K.K., aeleza kwamba watoto wa nguruwe wakitimiza siku kumi huhesabiwa kuwa safi, na kwa ajili hiyo wazee wa zamani waliwaita *sacres*, yaani wanaofaa kutolewa sadaka. Shina hilo laonekana pia katika lugha ndugu za Italia, *sakrim* katika Kioska na *sakre* katika Kiumbria, likitumika kwa mnyama wa sadaka. Mzizi wenyewe ni *sak-*. Ukitiwa sauti ya puani katikati hutoa kitenzi *sancio*, “kuthibitisha, kuwekea ulinzi wa sheria”, ambacho *sanctus* ni umbo lake la kutendwa. Nje ya Italia baadhi ya wanaisimu huulinganisha na *saklai-* la Kihiti, “desturi, ibada”. Huko ushahidi ni mchache, na hoja haiwezi kuegemezwa juu yake.

*Sacer* na *sanctus*, ijapokuwa ni wa mzizi mmoja, Warumi hawakuwachanganya. Mwanasheria Gaius, wa karne ya 2 B.K., azigawa mali za sheria ya kimungu katika mafungu: *sacrae* ni zile zilizotolewa kwa miungu ya juu, *religiosae* ni zile zilizoachiwa miungu ya wafu, ndiyo makaburi, na *sanctae* ni kama kuta na malango ya mji. Aongeza kwamba hakuna kitu kinachokuwa *sacer* ila kwa idhini ya watu wa Roma. Mtu binafsi aliyejitengea chumba cha ibada nyumbani mwake aliweza kukiheshimu apendavyo. Mbele ya sheria chumba hicho hakikuwa *sacer*. Hapa msomaji aanza kuona kwamba kivumishi hiki hakikuwa na kazi ya kusifu. Kilitaja hali ya kisheria, kama vile “huru” na “mtumwa” yatajavyo hali ya mtu bila kusema iwapo ni mwema au mbaya.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote umo katika ujenzi wa sentensi. *Sacer* huandamana na jina la mungu kwa njia mbili: jina hilo huweza kuwa na mwisho wa umiliki, “-a Jupiter”, au mwisho wa mpewa, “kwa Jupiter”. Katika maandishi ya wakfu yaliyochongwa juu ya madhabahu mwisho wa mpewa ni wa kawaida mno: *Iovi sacrum*. Mwaka 449 K.K., kama asimuliavyo Livius, ilipitishwa sheria ya kuwalinda watetezi wa umma waliochaguliwa na raia wa kawaida. Yeyote atakayewadhuru, kichwa chake kitakuwa *sacer* kwa Jupiter, na mali yake itauzwa kwenye hekalu la Ceres, Liber na Libera. Kwa hiyo kichwa cha mhalifu na madhabahu ya mawe vyasemwa kwa sarufi ile ile: kitu, kivumishi, na mungu aliyepewa. Iwapo *sacer* ya madhabahu ingalikuwa neno moja na *sacer* ya mhalifu neno jingine, ingalitazamiwa kwamba zingetofautiana japo kwa mwisho wa jina la mungu. Hazitofautiani.

Trebatius, mwanasheria na rafiki wa Cicero, alikwisha kuifasili maana hiyo kwa ufupi katika maneno ambayo Macrobius ameyahifadhi: *sacer* ni chochote kihesabiwacho kuwa cha miungu. Fasili hiyo haitaji heri wala laana. Yatosha kwa madhabahu, kwa nguruwe wa Varro, kwa mvunja mpaka, na kwa maksai wake.

Maneno yaliyozaliwa na neno hili yathibitisha hayo. *Sacrificium*, “sadaka”, ni tendo la kukifanya kitu kuwa *sacer*. *Sacerdos*, “kuhani”, ni mtu mwenye kulifanya tendo hilo. *Sacrare* na *consecrare* maana yake ni kumpa mungu kitu. *Obsecrare* ni kusihi kwa jina la kilicho cha mungu. *Exsecrari* ni kulaani, na ubaya wake watokana na kiambishi *ex-*, “nje”, wala si mzizi. Badiliko la *a* kuwa *e* katika vitenzi hivyo vyenye viambishi ni kanuni ya kawaida ya Kilatini cha kale, ambamo mkazo ulikuwa juu ya silabi ya kwanza na irabu za nyuma yake zikadhoofika. Halihusiani na maana hata kidogo. Viambishi hivyo ndivyo vinavyoamua upande, heri au shari, na mzizi wenyewe hauna upande.

Liko fumbo moja ambalo hapana budi kulitazama kwa utulivu. Festus aeleza kwamba *homo sacer*, mtu aliyehukumiwa na umma kwa uovu wake, si halali kumtoa sadaka. Lakini atakayemwua hahesabiwi kuwa na hatia ya mauaji. Wengi wameona hapa utata mtupu: mtu huyu ni wa miungu, mbona basi hatolewi kwa miungu? Jibu laweza kupatikana katika maana ya neno bila kuongeza kitu. Kutoa sadaka ni kukihamisha kitu kutoka katika mali ya watu kwenda katika mali ya mungu. Mtu huyu amekwisha kuhamishwa. Hakuna awezaye kutoa zawadi kitu ambacho si chake, wala kukitoa mara ya pili kwa yule yule aliyekwisha kukipokea. Na kwa kuwa ametoka katika mali na ulinzi wa watu, hakuna binadamu mwenye haki ya kudai damu yake.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo lilimshughulisha Macrobius mapema katika karne ya 5 B.K.: kwa nini kukidhuru kitu kilicho *sacer* ni dhambi, hali kumwua mtu aliye *sacer* si dhambi? Jibu alitoalo ni kwamba wazee hawakuruhusu mnyama aliye *sacer* abaki katika nchi yao, bali walimfukuza aende kwenye mipaka ya miungu. Ama roho za watu wa namna hiyo waliziona kuwa ni deni la miungu, lipaswalo kulipwa. Huenda maelezo hayo ni ya mtu wa vitabu aliyechelewa kuzaliwa. Hata hivyo fikira yake ni ya umiliki na deni, na hakufikiria kwamba alikuwa akishughulika na maneno mawili.

Desturi ya *ver sacrum* yaonyesha mambo hayo kwa mapana. Baada ya kushindwa kwenye ziwa Trasimene mwaka 217 K.K., watu wa Roma waliweka nadhiri ya kumpa Jupiter wanyama wote wa mifugo watakaozaliwa katika majira ya kuchipua ya mwaka mmoja. Nadhiri ilitimizwa mwaka 195 K.K., ikarudiwa mwaka uliofuata kwa kuwa mara ya kwanza haikufanywa sawasawa. Masharti yake, kama Livius ayatoavyo, yafanana na mkataba wa mali: mnyama akifa kabla ya kutolewa hahesabiwi tena, na akiibwa, lawama haiwi juu ya umma wala juu ya aliyeibiwa. Katika hadithi za kale za Italia watoto wa binadamu pia walitiwa katika nadhiri ya namna hiyo. Wakisha kukua walitolewa nje ya nchi wakatafute makao mapya. Watoto hao hawakuwa na kosa lolote.

Inakuwaje basi neno la hali ya kisheria kugeuka kuwa tusi? Tusi lenyewe ni la zamani. Plautus, aliyefariki takriban mwaka 184 K.K., alitia neno hili vinywani mwa wachezaji wake, na katika utangulizi wa mchezo wa Poenulus kuwadi mmoja aitwa *sacerrimus*, wa kupita watu wote duniani. Umbo hilo lina jambo la kufundisha. *Sacer* hana kiwango cha kulinganisha katika Kilatini cha waandishi wakuu. Hakuna kitu kilicho “cha mungu zaidi” kuliko kingine, kama vile hakuna shamba lililouzwa zaidi kuliko jingine. Kiwango cha juu kabisa kipo, lakini mahali pake hasa ni penye ukali wa maneno, ambapo kivumishi kimekwisha kuacha sheria na kuwa cha mitaani. Catullus, katika karne ya 1 K.K., akitumia neno hili kwa kitabu cha mashairi mabovu alicholetewa na rafiki yake Calvus siku ya Saturnalia, afanya mzaha wa namna hiyo hiyo. Vergilius naye aliitumia *sacra* kuisifia njaa ya dhahabu iliyomfanya mfalme wa Thrace amwue Polydorus, mgeni wake.

Festus hakuona ajabu hapo. Baada ya kumweleza *homo sacer*, asema tu kwamba ni kwa sababu hiyo kila mtu mbaya hupewa jina hilo katika mazungumzo. Yaani tusi limezaliwa na hukumu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kupata mfano: *mwanaharamu* ni neno la sheria ya nasaba, na wengi walitamkao kwa hasira hawafikirii ndoa ya mtu yeyote. Hakuna mwenye kusema kwamba kwa ajili hiyo *haramu* lina mizizi miwili.

Lakini kuhusu *sacer* yalisemwa makuu zaidi ya hayo. Mwaka 1889 William Robertson Smith, katika mihadhara yake juu ya dini ya Wasemiti, alionyesha kwamba katika jamii nyingi kitu kitakatifu na kitu najisi hulindwa kwa makatazo yanayofanana. W. Warde Fowler alilirudia jambo hilo kwa Kilatini mwaka 1911, akidhani kwamba *sacer* hapo asili ilikuwa mwiko mtupu, kabla ya kuhusishwa na mungu fulani. Durkheim, mwaka 1912, aliufanya utata wa utakatifu kuwa nguzo mojawapo ya nadharia yake ya dini. Freud alikwisha kutangulia mwaka 1910, akiegemea kitabu cha Carl Abel cha mwaka 1884 juu ya maneno ya kale yenye maana zipinganazo. Miongoni mwa mifano ya Kilatini alitaja *altus*, “-refu kwenda juu” na “-enye kina”, pamoja na *sacer*. Kwa njia hiyo mistari miwili ya kamusi ikapanda cheo, ikawa ushahidi juu ya nafsi ya mwanadamu.

Émile Benveniste alijibu mwaka 1956. *Altus*, alieleza, hupima kutoka chini kwenda juu, iwe ni kisima au mti. Utata ni wa lugha nyingine zenye kugawa kipimo hicho sehemu mbili, na Kilatini hakikuwa nao. Ama *sacer*, hali za utamaduni ndizo zilizozaa mielekeo miwili ya watu kwa kitu kilicho *sacer*. Lugha haikupinga nafsi yake. Jibu hilo lastahili kukubaliwa. Dhana ya Fowler haiwezi kutupwa kabisa, kwa kuwa katika *sakros esed* ya Lapis Niger jina la mungu halionekani. Lakini jiwe lile limevunjika, na kutokuwapo kwa neno katika maandishi yaliyovunjika ni hoja dhaifu. Kwingineko, kila sheria itoapo habari kamili, mpewaji hutajwa.

Suala hili lina uzito wake kwa mwenye kukifasiri Kilatini kwa Kiswahili. *Takatifu* latokana na *takata*, na msingi wake ni usafi. Lamfaa nguruwe wa Varro, lakini mvunja mpaka halimfai hata chembe. *-liolaaniwa* lamfaa mhalifu na kuwaacha maksai wake. *Mwiko* lataja katazo, wala halimtaji mwenye mali. *Haramu* lingeweza kuwa karibu, kwa kuwa mzizi wake wa Kiarabu wabeba kilichokatazwa na kilichotengwa kwa heshima, ndiyo maana Makka ina Haram yake na hajji huingia katika ihramu. Lakini Kiswahili, kilipolikopa neno la kawaida, kilichukua katazo peke yake.

Lililobaki ni *wakfu*. Asili yake katika Kiarabu ni kusimama na kusimamisha: mali iliyosimamishwa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Yapo yanayoitenga na *sacer*. Wakfu wa sheria ya Kiislamu huwekwa na mwenye mali, na manufaa yake huwafikia watu, hali *sacer* ya Kirumi ilihitaji idhini ya umma na mpewa wake alikuwa mungu. Lakini matumizi ya Kiswahili yamekwisha kulipanua neno hili. Makanisa husema kwamba askofu amewekwa wakfu. Na watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walipofika kwenye kuanguka kwa Yeriko katika kitabu cha Yoshua, waliuita mji huo wakfu kwa Bwana pamoja na vyote vilivyokuwamo. Dhahabu na fedha za mji zikaingia katika hazina ya Bwana. Watu na mifugo wakauawa. Neno la Kiebrania walilokuwa nalo mbele yao, *herem*, huleta taabu ile ile iletwayo na *sacer*, nao hawakulikata vipande viwili.

Kwa hiyo sheria ya Numa yaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kumwongopea Mrumi: atakayeling'oa jiwe la mpaka kwa jembe, yeye na maksai wake ni wakfu wa miungu. Na kamusi ya Kilatini kwa Kiswahili, itakapotungwa, yapasa kuandika mbele ya *sacer* maana hiyo moja, “wakfu wa mungu, kilichotoka katika mali na ulinzi wa watu”, kisha ndipo iliweke tusi la Plautus chini yake, pamoja na maelezo ya Festus.